Tuliingilia Mlango wa Zahanati

Watu wakisikia mwanaharakati hufikiria mabango na maandamano. Mimi sijaandamana hata siku moja. Bujumbura si mji ambao wanawake wa kazi yetu wangeshuka barabarani, wakapaza sauti, kisha wakarudi makwao salama. Kazi yangu imekuwa ya kukaa kwenye mabenchi: la zahanati, la polisi, la nyumbakumi, na la nje ya ofisi ya mkubwa aliyeniambia nije saa tatu naye akaingia saa sita. Ofisi nyingi za mji huu nazijua kwa mabenchi yake kabla sijazijua kwa wakubwa wake. Anayetafuta habari za ushujaa, hapa hatazipata nyingi.

Naandika nikiwa Kiriri, na hilo lenyewe linachekesha. Kiriri ni kartie ya wakubwa, mlimani, yenye kuta ndefu, mabugenvilia na mbwa wanaokula nyama kila siku. Ukisimama huku unaliona jiji lote limetandazwa chini, bonde la Rusizi, Ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Kongo. Usiku taa za Uvira unazihesabu. Majesuti walijenga huku Chuo chao cha Roho Mtakatifu, ambacho leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, na juu kidogo, Vugizo, amelazwa Mwanamfalme Louis Rwagasore aliyeuawa Oktoba 1961. Mimi nakaa aneksi, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane ambaye wanawe wako Ulaya. Namwangalizia nyumba, naye hanidai kodi. Si mara yangu ya kwanza kulala nyuma ya nyumba ya Kiriri. Mara ya kwanza nilikuwa yaya.

Nimezaliwa Buyenzi mwaka 1974, katika ile mitaa ambayo Wabelgiji waliwatengea Waswahili, ambako kila ua wa tatu ni gereji. Baba alikuwa fundi wa magari. Nyumbani tulisema Kiswahili, sokoni Kirundi, na Kifaransa nilikuja kukiokota baadaye jikoni kwa watu. Nilisoma chuo cha Kurani na shule ya msingi hadi darasa la sita. Baba alipofariki, shangazi akanitafutia kazi mlimani. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Mambo ya nyumba ile sitayasimulia kwa urefu. Madamu alikuwa na kaka, kaka alikuwa na funguo za nyuma, na mimba ilipoonekana aliyepewa lawama ni aliyeibeba. Kila msomaji anaijua hadithi hiyo, na si Kiriri iliyoivumbua. Ninachotaka kikumbukwe ni kimoja tu: niliondolewa saa moja jioni, na nilipouliza mshahara wa mwezi ule nikaambiwa nikaulizie polisi kama nathubutu. Wakati huo sikujua kwamba kuuliza polisi ndiyo ingekuwa kazi yangu ya maisha.

Kisha vita ikaja, ikafuta hadithi za mtu mmojammoja. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, miezi minne tu baada ya kuchaguliwa. Machi 1995 Bwiza na Buyenzi zikavamiwa, tukakimbilia Uvira na godoro moja na mtoto mgongoni. Oktoba 1996 vita ya Kongo ikatufuata huko huko, tukarudi. Mji tulioukuta ulikuwa chini ya vikwazo: nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka baada ya Buyoya kupindua serikali Julai ile, sukari na mafuta vilipanda bei kila wiki, na mwanamke asiye na mume wala kiwanja alikuwa na njia chache za kupata mlo. Nikaanza kuhudumia vinywaji katika baa ya Bwiza.

Baa ya Bwiza ina hesabu zake, na asiyezijua hawezi kuelewa lolote katika yale yanayofuata. Mwenye baa anamlipa mhudumu mshahara usiotosha nauli ya teksi. Anajua hautoshi. Anachouza si bia ya Primus peke yake. Anauza Primus inayoletwa na msichana, na mwanaume anakunywa nne badala ya mbili kwa sababu msichana yupo. Mhudumu anaishi kwa bakshishi, na bakshishi ina masharti. Kuna vyumba nyuma, na mwenye baa anakodisha kila kimoja kwa saa. Polisi wakija, hakuna anayemkamata mwenye vyumba. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, kwanza kwa bakshishi, kisha kwa bei inayojulikana, na sitaki mtu anionee huruma wala anipigie makofi. Ilimlea mwanangu. Ilinipa pia meno mawili bandia, kwa sababu mteja aliyelewa alijua kwamba sina pa kumshitaki.

Hapo ndipo penye kiini cha kila nililolifanya baadaye. Kumuuza mtu ni kosa, kujiuza ni kosa, lakini kumpiga anayejiuza lilikuwa kosa kwenye karatasi tu.

Mlango wa kwanza uliotufungukia ulikuwa wa zahanati. UKIMWI ulikuwa umeingia Bujumbura tangu miaka ya 1980, na kila mtu alikufa kwa «malaria» au kwa kurogwa. Aliyevunja ukimya ni Jeanne Gapiya-Niyonzima. Katikati ya miaka ya 1990, kanisani, baada ya padri kuwazungumzia wagonjwa kama watu waliotenda dhambi, alisimama mbele ya waumini akasema yeye mwenyewe ana virusi. Hakuna Mrundi aliyewahi kulisema jambo hilo hadharani kabla yake. Alikuwa amekwisha kumzika mume na mtoto. Chama alichokianzisha na wenzake mwaka 1993, ANSS, kilifungua kituo cha Turiho, na kwa watu wa rika langu jina hilo lilikuwa anwani, kama vile mtu anavyosema soko au msikiti. Nilikwenda kupima huko nikiwa na hakika ya jibu baya. Jibu likawa zuri, na muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza kama nawajua wengine kama mimi. Nikamwambia nawajua wote. Akasema, «Basi binti yangu, kesho uje na watatu.»

Nikaja na watatu. Ndivyo nilivyokuwa mwelimishaji rika, cheo chenye posho ndogo, fulana nyeupe na sanduku la kondomu. Tulizunguka Bwiza, Buyenzi, Kanyosha, Kamenge, hadi fukwe za ziwa, kuanzia saa tatu usiku. Wakati ule tulikuwa na soko jipya. Mwaka 2003 walikuwa wameingia askari wa Umoja wa Afrika kutoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, na Juni 2004 wakavishwa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa, wakakaa hadi mwisho wa 2006. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kutoa agizo, Oktoba 2003, la kuwakataza watu wake kutoa pesa, kazi au bidhaa ili wapewe mwili. Agizo zuri, nimelisoma. Sisi tulilijua kwa namna nyingine: baa zilizowekewa marufuku zilibaki tupu, na magari meupe yakahamia vichochoroni, ambako hakuna taa wala mwenzako wa kukusikia ukipiga kelele. Tangu hapo kila nikiletewa sheria ya kutulinda, nauliza kwanza itatuhamishia wapi.

Kondomu nazo zilinifundisha serikali ilivyo. Wizara ya Afya ilitupa kondomu tuzigawe. Doria ikimkamata msichana na kondomu mkobani, kondomu hizo hizo zikawa ushahidi. Nilimwona afande mmoja akizipanga mezani, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa mtu anayepanga karata, na kila moja ikiwa na muhuri wa kutouzwa. Msichana aliyezibeba alikuwa mwelimishaji mwenzangu, amevaa fulana ya mradi. Tulikaa pale hadi alfajiri. Nilimwambia afande kwamba zimetolewa na serikali yake. Akanijibu bila ukali wowote, «Mama, serikali ya mchana hiyo. Mimi ni wa usiku.» Wasichana wakaanza kutembea bila kondomu ili wasikamatwe, na mwaka 2013 utafiti wa kitaifa ukaonyesha kwamba kiasi cha mmoja kati ya watano miongoni mwetu ana virusi, katika nchi ambayo kwa watu wazima wote ni kama mmoja kati ya mia. Wataalamu walishangaa. Sisi hatukuona cha kushangaza.

Sasa niwaeleze habari za mazamu, walinzi wa usiku wa mageti, kwa sababu hakuna ripoti hata moja niliyoona inayowataja.

Mwanaume wa gari kubwa hapendi kuonekana Bwiza. Anapita, anashusha kioo, anampakia msichana na kupanda naye Kiriri, kwenye nyumba ya rafiki aliyesafiri au kwake mwenyewe ikiwa mke yuko Ulaya kujifungua. Saa nane usiku amekwisha kuchoka. Anamtoa nje ya geti, mara amemlipa nusu, mara hakumlipa kabisa, mara viatu vimebaki ndani. Teksi huko hazipiti. Kushuka kwa miguu hadi mjini ni barabara ya mizunguko na giza, na doria zipo njiani. Yule msichana afanye nini? Anakaa kwenye mtaro, anasubiri adhana.

Kila geti la Kiriri lina zamu. Ni wanaume wa milimani, kutoka Bujumbura vijijini, Mwaro, Muramvya, wenye koti kubwa la mitumba, tochi na rungu, na jiko dogo la makaa wanaloota moto wake kuanzia saa saba. Hao wanayajua yote. Wanajua gari lipi limeingia na nani, limetoka lini, na nani alilia. Nilianza kuwatembelea mchana, saa wanapoamka. Niliwaletea ndagala na unga, nikakaa nao. Baadhi walinifukuza. Mmoja akaniambia kwamba mwanamke kama mimi akionekana getini kwake atapoteza kazi, na alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini wengine walikuwa wamechoka kuona. Mzee mmoja wa Muramvya alinieleza kwamba siku moja alifungua geti akakuta msichana amekaa ukutani na damu mguuni, na kwa kuwa hakuwa na amri ya kumwingiza wala moyo wa kumfukuza, alimpa koti lake akasimama na shati hadi kulipokucha.

Tukapatana. Msichana akipakiwa, mwenzake anaandika namba ya gari kwenye daftari tulilolificha kwa muuza mishikaki wa kona. Akitupwa nje usiku, anatafuta geti ambalo zamu wake yumo katika orodha yetu, anaota moto hadi asubuhi, na zamu anamkabidhi kwa dereva wa teksi wa kwanza anayemfahamu. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Wafadhili walipokuja kuuliza tunafanya nini kuhusu ulinzi, niliwaeleza. Wakauliza kiashiria chake ni kipi na kitathibitishwa vipi, na mpango huo haukupata hata faranga. Uliendelea bila wao. Sitadai kwamba mazamu ni malaika, maana nao wana mikono. Wawili tuliwafuta katika orodha kwa sababu walidai malipo ya aina ile ile aliyodai bwana wao.

Daftari la muuza mishikaki ndilo lililonitoa katika elimu ya afya likaniingiza katika haki. Niliona namba zinazojirudia. Gari moja liliandikwa mara nyingi, na wasichana watatu waliorudi kutoka humo hawakutaka kuzungumza. Wa nne alizungumza. Alikuwa amebakwa na watu wawili ambao hakukubaliana nao. Nikaenda naye polisi, kwenye kituo ambacho sina haja ya kukitaja. Aliyekuwa zamu ya kaunta alisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini, akauliza: hivi kweli inawezekana kumbaka mtu wa namna hiyo? Hakuwa anatania. Alitaka kujua.

Tulikwenda kituo cha Seruka, kilichoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2003 kwa ajili ya waliobakwa. Walimpokea, maana kwao mchana na usiku ni sawa, wakampa dawa za kuzuia virusi kabla saa 72 hazijapita, wakampa cheti cha daktari, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Cheti hicho tulikirudisha polisi. Kilikaa kwenye faili. Msichana akahamia Uvira. Ona basi tulivyogawanyika: mwili wake ulipata haki kamili hospitalini, yeye mwenyewe hakupata yoyote kaunta ya polisi.

Hilo ndilo jambo ambalo nimelisema katika kila mkutano hadi watu wanaguna nikisimama. Nchi yetu, na wafadhili wake, walitusikiliza kwa sababu tulikuwa hatari kwa wengine. Tukiambukiza, tunahesabiwa. Tukipigwa, hatuhesabiwi. Katika mipango ya taifa ya UKIMWI tuna sehemu yetu, kwenye meza ya Mfuko wa Dunia kuna kiti cha watu kama sisi, na nimekikalia kiti hicho nikiwa na chupa ya maji na jina langu limechapwa kwenye kadi. Nilipouliza kama pesa za kondomu zinaweza kumlipa wakili mmoja, nikajibiwa kwa upole kwamba huo ni mfuko wa magonjwa.

Nairobi nilikuta kwamba si sisi tu. Nilipelekwa mafunzo na wenzetu wa muungano wa Afrika wa wafanyakazi wa ngono, ule ulioundwa mwaka 2009 na wenye makao huko. Kiswahili changu cha Buyenzi kiliwachekesha, lakini tulielewana. Walinipeleka Majengo, Pumwani. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, wamekuwa wakiwafuatilia wanawake wa mtaa ule, na wakagundua kwamba baadhi yao, pamoja na wateja wote wale na miaka yote ile, hawaambukizwi. Dunia ya sayansi ilisisimka. Damu yao ilisafiri maabara za mbali ikatafutiwa chanjo. Niliongea na mama mmoja wa huko, mzee, anayeuza mboga sasa. Nikamuuliza damu yake imempa nini. Akasema alipata matibabu ya bure na chai, na wazungu wenye adabu. Polisi je? Akacheka mpaka akashika meza.

Katika mtaa huo huo, nilisimuliwa, zama za mkoloni walikuwapo wanawake wa kazi hii waliojijengea nyumba kwa majina yao na kupangisha. Sikulala vizuri usiku ule. Bujumbura simjui hata mmoja.

Kusajili chama kulituchukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ya jina. Katiba ya chama ikisema wazi ni cha nani, haipiti. Wakili aliyetusaidia, mama wa heshima anayeishi mitaa miwili tu kutoka hapa nilipo, alitushauri tujiite wanawake walio katika mazingira magumu wanaopambana na UKIMWI. Ikapita wiki ile ile. Tena mlango wa zahanati! Yeye na mimi tumebishana miaka yote hii. Anaamini kwamba mnunuzi ndiye wa kuadhibiwa, kama Uswidi ilivyofanya mwaka 1999, na kwamba kazi hii haiwezi kuitwa kazi. Ni mtu mwema, na amewatoa wasichana wangu mahabusu bila kuchukua senti. Lakini namuuliza: huyo mnunuzi atakamatwa na nani? Na yule afande wa kondomu? Atamkamata mwenye gari la Kiriri, au atachukua kitu kidogo kwake kisha anichukue mimi kwa ajili ya ripoti? Ananijibu kwamba sheria haitungwi kwa kuwaogopa polisi wabovu. Namwambia ndivyo inavyosema Kiriri. Bwiza sheria ni yule anayeishika.

Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha hesabu zilizofanywa kwa kutumia hali ya Vancouver, ya Bellary kule India, na ya Mombasa: kuiondolea kazi hii jinai kungezuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizo mapya ya VVU miongoni mwa wanawake hao na wateja wao kwa miaka kumi. Nilizibeba takwimu hizo kila nilipokwenda. Zilifanya kazi vizuri, na ziliniuma pia, kwa sababu kumbe bado nilihitaji virusi ili nisikilizwe.

Ya 2015 niyapite haraka. Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa rais yalianza Aprili 26, jaribio la mapinduzi Mei 13, redio zikachomwa, na kazi ya usiku ikafa. Wengi walivuka kwenda Kigali, Nyarugusu, Nairobi. Waliobaki walikuwa na vidonge vya kunywa kila siku, na vizuizi vilikuwa kati yao na kituo. Waelimishaji rika walipenyeza vidonge hivyo Musaga na Cibitoke ndani ya sidiria na ndani ya unga. Hao ndio mashujaa kama mnawataka, na hakuna aliyewapa cheti.

Miaka miwili baadaye likaja agizo kwamba wote wanaoishi pamoja bila ndoa wafunge ndoa kabla ya Desemba 31, 2017. Kwa wenye mahari ilikuwa sherehe. Kwa wanawake wetu ilikuwa kaye. Msomaji wa nje ya Burundi ajue kwamba kaye ni daftari la kila nyumba lenye majina ya wanaolala humo, na polisi wakizingira mtaa alfajiri, asiyeandikwa anaondoka nao. Mwenye nyumba ndiye anayeandika. Kwa hiyo kalamu yake ina bei: kodi ya juu kwa mwanamke asiye na mume, au kodi ya chini kwa masharti anayoyajua yeye. Nilikaa sana kwenye benchi la nyumbakumi mwaka ule. Baadhi ya nyumbakumi walikuwa waungwana, na mmoja wa Buyenzi, mzee aliyemjua baba, aliwaandikisha wasichana sita kuwa wapwa zake.

Mwanangu sasa ana gereji Buyenzi, kama babu yake. Akiulizwa mama anafanya kazi gani, anasema afya. Sijamsahihisha.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, waelimishaji rika wengi walibaki bila posho ndani ya wiki moja. Hapo ndipo yale niliyoyaogopa yalipojionyesha. Haki iliyoletwa na bajeti ya ugonjwa inaondoka na bajeti hiyo. Mazamu hawakuondoka, maana hakuna aliyewahi kuwalipa. Mwezi uliofuata wakimbizi wa Kongo walivuka Rusizi kwa maelfu kuikimbia vita ya kule, na baada ya muda mfupi nikaanza kuona nyuso mpya kwenye baa za Bwiza, zenye Kiswahili cha Bukavu, nikajiona mwenyewe wa 1996.

Kutoka Brussels, dada mmoja tuliyefanya naye kazi zamani alinitumia ujumbe wa sauti akipiga vigelegele. Ubelgiji, wale wale waliotutawala, waliiondoa kazi hii katika jinai mwaka 2022, na tangu Desemba 1, 2024 anayeifanya chini ya mwajiri anaweza kuwa na mkataba, likizo ya uzazi na pensheni. Niliwasikilizisha vijana ofisini. Mmoja akauliza kama na Warundi wasio na makaratasi kule wanapata. Nikampigia yule dada. Hawapati.

Vijana hawa hawasimami baa. Wana simu, wanaelewana bei kwa ujumbe, na zahanati haiwatishi wala haiwavutii. Kilichomleta huyo aliyeuliza ni picha. Mteja alimpiga picha akiwa amelala, akamtishia kuzisambaza asipompa pesa kila mwezi. Burundi ina sheria ya makosa ya mtandaoni tangu Machi 2022. Nilichapisha kifungu, tukaenda.

Benchi lilikuwa jipya. Ofisa wa upelelezi, kijana mwenye umri wa mwanangu, aliandika jina, mwaka wa kuzaliwa, komini, kisha akafika kwenye kazi. Msichana akaniangalia. Nimezoea kujibu «mfanyabiashara ndogondogo» na mambo yakapita. Kabla sijafungua mdomo akamwambia anauza mwili, na kwamba aliyemtishia ni mteja. Nilijua sheria inamruhusu huyu kijana kumgeuza mshitakiwa hapo hapo, na nikaanza kuhesabu kichwani nani nimpigie kwanza. Ofisa akanyanyua macho, akauliza picha ziko kwenye simu ipi. Kwenye sehemu ya kazi akaweka kistari. Akamwomba aonyeshe jumbe za vitisho, akazinakili zote kwa mkono hadi saa nane mchana, akatupa namba ya faili.

Faili liko parke, yaani ofisi ya mashitaka, tangu mwezi wa tano. Karani ametuambia mwendesha mashitaka ameomba namba ya simu ya mteja ithibitishwe na kampuni, na barua ya kuiomba imekwisha kusainiwa.